Barua Iliyotangulia Viza

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikwenda kwanza kutazama kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Jina lake halisi lilijulikana na rejista ya darasa tu. Watu wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuwa amenyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na mama yake katika nyumba ya walimu, vyumba viwili na jiko, hatua chache kutoka lango la shule. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa.

Mama alifundisha Kiswahili katika shule hiyo hiyo aliyosoma Chiriku. Mwezi wa tano alipokea barua kutoka shule moja ng'ambo. Walimtaka akafundishe Kiswahili kuanzia mwezi wa tisa, na waliandika kwamba angeweza kwenda na mwanawe. Mama alipeleka pasipoti, vyeti na picha ubalozini kuomba viza ya kazi, na tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Simu ikilia, mama aliacha sufuria jikoni akaikimbilia. Pikipiki ya mleta barua ikipita barabarani, wote wawili walinyamaza mpaka mlio wake upotelee mbali.

Chiriku ndiye aliyezidi. Hakuweza kukaa kitako dakika tano. Alipanga nguo zake sandukuni, akazipangua, akazipanga upya. Jumatano moja alikwenda shule na soksi za rangi mbili, na alipoulizwa alijibu kwamba soksi nyingine zimeshafungwa kwa ajili ya safari. Mama alikuwa amemwonya asimwambie mtu. Yeye alimwambia msichana waliyekaa naye dawati moja, huyo mmoja tu, na kufikia saa ya mapumziko darasa zima lilikuwa linajua.

Hakuishia hapo. Chiriku alikuwa nahodha wa timu ya mdahalo, nafasi aliyoipigania mwaka mzima. Alimwendea mwalimu wa mdahalo akamwambia kwamba anaiacha, kwa kuwa muhula ujao hatakuwepo. Mwalimu alimuuliza kama ana hakika. Alijibu kwamba anayo, na unahodha akapewa yule msichana wa dawati lake.

Mama naye alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Aliitia sahihi, akaacha wazi mahali pa tarehe, akaiweka kwenye bahasha yenye anwani ya Mwalimu Mkuu na kuifungia ndani ya droo ya kabati. Alimweleza Chiriku kwamba barua ile itatoka siku pasipoti itakaporudi ikiwa na viza ndani yake, wala si kabla ya hapo. Ufunguo aliuning'iniza kwenye msumari kando ya kabati, maana humo ndani hamkuwa na mwizi wa kumwogopa.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa saba, asubuhi, Chiriku alimsikia mama akizungumza na Mjomba kwa simu. Mama alikuwa akisema kwamba mwalimu akitaka kuacha kazi hana budi kutoa taarifa mwezi mmoja kabla, na kwamba viza ikichelewa zaidi, shule ya ng'ambo itafunguliwa yeye bado anamalizia mwezi huo hapa. Chiriku alikwenda kwenye kalenda akahesabu kwa kidole. Ilikuwa tarehe thelathini. Barua isipotoka leo au kesho, alijiambia, mwezi hautatosha, na shule ile itamchukua mwalimu mwingine. Viza yenyewe ingekuja tu. Wiki sita zilikuwa zimeshapita. Aliona mama anajichelewesha bure kwa woga.

Mama alipoingia kuoga, Chiriku alichukua ufunguo, akafungua droo, akatia bahasha ndani ya daftari lake la hisabati. Saa nne, alipotumwa kupeleka rejista ofisini, aliiweka juu ya rundo la barua kwenye meza ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kwenye semina. Karani alikuwa akipiga chapa mitihani na hakuinua kichwa. Chiriku alitoka mbio, akijiona kama mtu aliyeokoa familia.

Siku iliyofuata, jioni, ujumbe wa ubalozi ukafika.

Mama aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi akausoma tena. Maombi yake yalikuwa yamerudishwa. Viza ya kazi haiwezi kutolewa, ujumbe ulisema, mpaka serikali ya nchi anayokwenda itoe kwanza kibali cha kazi, na ile shule iliyomwalika haikuwa imekiomba. Huenda kikachukua miezi mitatu, au minne. Huenda kikakataliwa. Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo kama maana yake ni kwamba hawaendi. Mama alijibu kwamba maana yake ni kwamba hawajui.

Kisha alivuta pumzi, akamiminia chai vikombe viwili.

"Afadhali ile barua iko kwenye droo," alisema. "Ningekuwa nimeshaitoa, leo tungelia."

Chiriku alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, maneno yalimkauka. Mama alidhani mtoto amevunjika moyo kwa sababu ya safari, akambembeleza, na kule kubembelezwa kukawa kubaya kuliko kupigwa.

Jumamosi asubuhi alisema anakwenda kumsalimu Mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na kituo cha basi. Zamani alikuwa mwalimu wa fizikia. Alikuwa na kawaida ya kuwachekesha watu kwa kusema kwamba aliacha ualimu kwa sababu simu zinasikia kuliko wanafunzi. Chiriku alimkuta amevaa miwani yake ya kukuzia, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Alimsalimu, akaketi kwenye stuli, akainuka, akapanga betri kwa ukubwa, akazivuruga.

Mjomba alivua miwani. Alimuuliza ana nini, maana hajawahi kukaa naye robo saa bila kuulizwa maswali ishirini.

Chiriku hakujibu swali. Badala yake alimuuliza kwa nini hasa aliacha ualimu, bila mzaha.

Basi Mjomba akamweleza. Aliwahi kupata barua ya mwaliko kama ile ya mama, kutoka shule nyingine ng'ambo. Siku ile ile alimpelekea mkuu wake barua ya kuacha kazi, wenzake wakamfanyia sherehe ya kumuaga, wakampa na begi la safari. Viza ilikataliwa. Alirudi kuomba nafasi yake, akamkuta kijana mwingine ameshika chaki yake. Alikaa miezi minane nyumbani, akiwakwepa wale waliokuja kumuaga.

"Nilidhani barua ya mwaliko ni mlango," Mjomba alisema. "Kumbe ni mtu anayekuambia tu kwamba mlango upo. Ndiyo maana nilimsihi mama yako asiache kazi mpaka viza aishike mkononi."

Hapo Chiriku akaangua kilio. Alisema yote kwa mfululizo: kalenda, ufunguo, daftari la hisabati, meza ya Mwalimu Mkuu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, alimpa kitambaa cha kufutia vioo vya simu ajifute, akamwambia arudi nyumbani akamwambie mama sasa hivi. Chiriku alimwomba amsindikize.

"Hapana, mwanangu. Nikija nitakusemea, na hili ni lako kulisema. Nenda kabla miguu haijapata nafasi ya kufikiri."

Chiriku alikwenda, mara anakimbia, mara anaburuta miguu. Alimkuta mama anasahihisha insha mezani. Alisema akiwa bado mlangoni, viatu miguuni, kwa sababu aliogopa kwamba akishavivua atapata kisingizio cha kungoja kidogo.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kabati, akavuta droo, akaiangalia ikiwa tupu, akairudisha taratibu. Kisha akauliza swali moja.

"Chiriku, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya shule, mama."

"Nikiacha kazi, mwezi ujao tunalala wapi?"

Chiriku hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Katika hesabu zake zote za kidole, nyumba haikuwemo.

Mama alimpigia simu karani. Karani alieleza kwamba Mwalimu Mkuu alipita ofisini Ijumaa mchana, akachukua barua zote akazisome nyumbani, kwa sababu Jumatatu alfajiri anakwenda moja kwa moja ofisi ya elimu. Mama aliweka simu chini. Barua ikifika ofisi ya elimu, ikigongwa muhuri, hakuna wa kuirudisha. Alimpigia Mwalimu Mkuu mara tatu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Walikwenda nyumbani kwake jioni hiyo wakakuta lango limefungwa, na jirani akawaambia amekwenda kumwona mgonjwa, atarudi kesho.

Siku nzima ya Jumapili mama na mwana walizungukana ndani ya nyumba kama wageni kwenye chumba cha kusubiria daktari. Mama alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Chiriku aliosha vyombo safi. Saa tisa alasiri wakatoka tena.

Safari hii lango lilikuwa wazi. Mwalimu Mkuu alikuwa uani akikaza skrubu za kiti kilicholegea. Aliwakaribisha, akaagiza maji ya kunywa, na kabla mama hajafungua mdomo alisema kwamba barua ameisoma.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Alisema amefanya kazi na mama miaka kumi na mmoja. Uvumi wa safari alikuwa ameusikia kwa wanafunzi, akaupuuza, akijua kwamba siku ikifika mama atakuja kumwambia uso kwa uso. Hakutarajia kuagwa kwa bahasha. Alikuwa ameshaandika ombi la kuletewa mwalimu mwingine, na lilikuwa ndani ya mkoba wake tayari kwa kesho.

Mama alimtazama Chiriku.

Chiriku alisimama. "Shikamoo, Mwalimu. Bahasha niliiweka mimi. Mama hakujua. Alikuwa ameifungia mpaka apate viza, na viza haijatoka."

"Marahaba," alijibu Mwalimu Mkuu, na bisibisi ikabaki hewani. Alimuuliza ni nani aliyemtuma. Alijibu kwamba hakutumwa. Akamuuliza basi ni nani aliyemwambia aje kusema leo. Chiriku alisema kwamba Mjomba alimwambia amwambie mama, na mama akamleta hapa, lakini kusema amesema mwenyewe.

Mwalimu Mkuu aliingia ndani, akatoka na bahasha na karatasi nyingine. Alisema barua ile ilimtatiza tangu mwanzo: mwalimu anayewakata wanafunzi alama kwa kusahau tarehe, aandike barua isiyo na tarehe? Midomo ya mama ilitaka kucheka, ikakosa nguvu. Mwalimu Mkuu alimrudishia bahasha, kisha akachana ombi lake vipande vinne.

Hata hivyo, hakuishia hapo. Alimuuliza mama wazi kama bado ana nia ya kuondoka, na mama akakiri kwamba viza ikipatikana ataondoka. Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa polepole. Alisema alikuwa amekusudia kesho kulipendekeza jina lake kwa nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi. Sasa hawezi kumpendekeza mtu ambaye mguu mmoja uko nje, lakini anamshukuru kwa kutomficha. Alichomwomba ni kimoja: siku viza itakapotoka, amletee barua kwa mkono wake, na ampe mwezi mzima wa kumtafuta mwingine.

Njiani kurudi Chiriku hakuthubutu kuuliza kuhusu ile nafasi ya msaidizi.

Jumatatu alimwendea karani akamwomba radhi kwa kupenyeza bahasha mezani. Halafu alimwendea mwalimu wa mdahalo. Unahodha hakuupata; ulikuwa na mwenyewe. Alipewa nafasi ya mtunza muda, yule anayekaa pembeni na saa huku wenzake wakisema. Kwa Chiriku hiyo ilikuwa adhabu tosha, lakini aliishika kazi hiyo muhula mzima, na hakuchelewa kugonga kengele hata mara moja.

Kibali kilitoka mwezi wa kumi na moja. Shule ya ng'ambo ilikubali mama aanze mwezi wa kwanza badala ya wa tisa. Pasipoti ziliporudi, mama aliketi karibu na dirisha akasoma viza herufi kwa herufi: jina, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho. Akasoma na ya Chiriku. Ndipo alipochukua kalamu akaandika barua mpya ya kuacha kazi, na safari hii tarehe ilitangulia.

Chiriku alimtazama akiandika. Swali lilikuwa limemkaa moyoni miezi minne.

"Mama, siku ile mbona hukunipiga?"

Mama aliweka kalamu chini.

"Kwa haraka yako nisingekupiga. Hata mimi nilikuwa nayo, usiku na mchana. Ulinikosea kwa kuamua jambo langu bila mimi kujua, na hilo lilinigharimu; unajua lilinigharimu nini. Lakini ulikuja kusema Jumamosi. Ungengoja mpaka Jumatatu, miezi hii yote tusingekuwa na kazi wala nyumba." Alimvuta karibu. "Viza ni ya kungojea, mwanangu, hata ikichukua mwaka. Kosa ukishalifanya, hilo usilingojee hata siku moja. Lisemwe mapema, wakati bado linarekebishika."

Kisha akavaa viatu, akachukua barua, akavuka uwanja wa shule kumpelekea Mwalimu Mkuu kwa mkono wake mwenyewe.