Mwambie Itabeba Viazi

Jua lilikuwa linazama Musienene wakati Maliro alipomimina maji ndani ya moteri na kungoja. Jioni ile alikuwa na kazi moja tu: kuwasha gari lake na kumfikisha mke wake hospitali, Butembo. Katungu alikuwa amelala kiti cha nyuma na mimba yake, damu ikimtoka kidogo kidogo tangu mchana. Muuguzi wa kijiji alikuwa amesema giza lisiwakute hapa. Na pikipiki? Mtu wa hali ile humkalishi kwenye pikipiki, labda kama unataka kumuua.

Maji yakavuja tena.

"Mungu wangu," Maliro akanong'ona. "Juu ya nini, sababu gani?"

Msimcheke, fundi mzuri alikuwa. Moteri ile aliifungua yote na kuijenga upya kwa mikono yake. Kulasi, kile kifuniko kizito cha juu ya moteri, ilikuwa imepasuka, akachukua nyingine kwa rafiki yake Éliakim, anayebomoa magari yaliyopata ajali. Ilitoka kwenye gari moja la Oicha lililoua mtu. Tangu aifunge, maji hayakai. Alibadilisha jointi, ile gasketi inayozuia maji, akaweka mpya. Akakaza boloni upya, akianzia katikati kama inavyotakiwa. Akapangusa chuma mpaka kikang'aa. Ufa, hakuna. Tundu, hakuna.

Akagusa tone kwa kidole. Moteri ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi, lakini tone lile lilikuwa la moto. Akanusa...

Maziwa.

Maziwa ya mama anayenyonyesha.

Halafu, mle ndani ya chuma kilichozimwa, akasikia mtu akivuta pumzi. Anasukuma... anapumzika... anasukuma tena.

Katungu akafumbua macho. "Papa, nani ule analia?"

Mwanaume mwingine angesema hakuna mtu, lala. Maliro hakujua kudanganya. "Hata miye minasikia," akasema.

Sasa sikilizeni. Mafundi wa huku wana desturi yao. Kipande kilichotoka kwenye gari lililoua mtu hakifungwi hivi hivi. Unaweka mikono juu yake, unamwomba marehemu akuachie, unamwambia kitaenda kubeba nini. Na kila fundi husema viazi. Hata kama gari ni la kubeba maharusi, wewe sema viazi, maana viazi havimhusu mfu yeyote. Maliro alikuwa hajasema neno. Yeye, shemasi wa kanisa, aongee na wafu? Aka! Wenzake garajini walikuwa wanamcheka mpaka wanashika tumbo.

Lakini jioni ile damu ilikuwa imefika kwenye sakafu ya gari, na ushemasi wote ukamtoka. Akaweka viganja juu ya kulasi. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi.

"Wewe mwenye gari, sijue jina yako," akaanza. "Nakuomba. Hii kitu itabeba..."

Akakwama. Neno viazi lilifika kwenye ulimi, likakataa kutoka. Tangu utoto hajawahi kusema uongo katika maombi, na namna nyingine ya kuomba hakuijua.

"Itabeba bibi yangu. Anaenda kuzala. Pardon, nisaidie, mutoto afike."

Pumzi ikakatika.

Kisha, ndani ya chuma, mwanamke akacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyeletewa habari njema.

Matone yakakoma pale pale.

Maliro hakungoja kufikiri. Alipowasha, moteri iliitika mara moja, akashika barabara ya Butembo. Harufu ya maziwa ilijaa garini. Nyuma yake Katungu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Merci, mama... ée, mama..."

"Uko unaongea na nani?"

"Na huyu ananishika mukono."

Maliro akakaza macho barabarani. Hakugeuka. Aliogopa kuona, na aliogopa zaidi kusimama, basi akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Hospitalini walimpokea Katungu mbio mbio, yeye akaachwa kwenye benchi la korido. Haukupita muda, akasikia mtoto analia. Wee! Alipiga magoti pale pale chini, akalia na yeye. Halafu akampigia Éliakim simu.

"Kulasi imekamata maji?" Éliakim akauliza.

"Imekamata! Mutoto amezaliwa!"

"Mungu Nyamuhanga asifiwe. Donc, ulimuambia viazi?"

Maliro akafuta machozi.

"Maliro. Ulimuambia nini?"

"Ukweli."

"Maskini wewe," Éliakim akasema polepole. "Ule mama wa Oicha alikuwa na mimba. Gari ilipinduka akiwa njiani kwenda kuzala. Ye na mutoto, hapana, hawakufika."

Mlango wa chumba cha uzazi ukafunguka. Akatoka muuguzi, Virginie, uso wote kicheko.

"Félicitations, papa! Mutoto mwanaume. Mama yake naye iko muzima."

"Mutoto iko wapi?"

"Si iko na ule mama mulikuja naye? Alishika bibi yako mukono mupaka mwisho. Amesema anakuletea umuone. Ametoka sasa hivi."

Maliro akatazama korido upande huu. Akatazama upande ule.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu...

Huko nje, moteri ikawaka. Aliijua sauti yake, aliijenga mwenyewe. Ufunguo alikuwa ameushika mkononi.

Akakimbia akipiga kelele mtu afunge geti. Nyuma yake, kutoka chumbani, Katungu alikuwa anaita kwa sauti ya uchovu na furaha:

"Papa! Mulete sasa, anyonye."