Kipumulio cha Akiba

Aliyemwambia Mama Kidonge kwanza ni fundi wa mashine ya kujazia mitungi ya hewa, mzee aliyeacha kupiga mbizi siku mapafu yalipomgomea. Fundi alimkuta uani mwa kituo cha wapiga mbizi, anasuuza mavazi ya kuzamia ya wageni kwenye beseni, mtoto mgongoni.

"Shemeji," alinong'ona, "mumeo jana alizama peke yake. Upande ule wa hifadhi uliofungwa."

Mama Kidonge hakushangaa. Mumewe alijiita Bingwa, na kweli alikuwa bingwa wa mambo mawili: kujipiga picha na kutosikia. Wageni aliwakataza hata kugusa tumbawe kwa kidole, kisha yeye akaingia pale ambapo walinzi wa hifadhi wenyewe hawaingii, ili apate picha ya kuringia.

"Ndiyo kawaida yake."

"Mtungi umeisha kwa dakika kumi na mbili. Hata mwanagenzi hamalizi hivyo. Halafu tazama hii."

Alimwonyesha kipumulio cha akiba, kile ambacho mpiga mbizi hukibeba kwa ajili ya mwenzake akiishiwa hewa chini ya maji. Mpira wa mdomoni ulikuwa umetobolewa vitundu vidogo, safu tatu, kama kwa meno ya samaki.

"Hakuwa na mwenzake," alisema fundi. "Kampa nani?"

Nyumbani Mama Kidonge alimkuta Bingwa amejilaza, anatazama picha zake kwenye simu.

"Kuna mtu alinipa ishara," alisema bila kuinua macho. "Mkono unakata shingoni, kushoto kulia, hivi. Maana yake hewa imemwishia. Mtu akikuonyesha hivyo humuulizi jina, unampa. Ndiyo kazi, mama. Wewe wa masabuni utajuaje?"

"Mtu gani, na ulikuwa peke yako?"

Bingwa akageukia ukutani. Ndivyo alivyo: swali likimshinda, linajibiwa na mgongo.

Tangu siku hiyo chumba kilianza kunuka matope ya bahari na mpira uliooza. Bingwa alisema ni nepi. Mama Kidonge akarudi kwa fundi.

"Hilo ni jini, na limemfuata," fundi alisema. "Likiomba tena, yule aliyelipa hewa mara ya kwanza ndiye alikatae. Kwa mkono, maana halijui maneno. Asipolikataa, litapumua kwa kifua kidogo kuliko vyote ndani ya nyumba."

Bingwa alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. "Mwambie fundi wako anywe dawa zake."

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwaka hadi sakafuni, Mama Kidonge alisikia uvunguni mwa kitanda pumzi ikivutwa, ndefu, ya kukwaruza, kama inayopita kwenye valvu, kisha ikaachiliwa kwa mapovu, blu-blu-blu, na kila ilipovutwa kifua cha Kidonge kilibonyea na kubaki hivyo, mdomo wazi, sauti haitoki, midomo ikigeuka zambarau, mpaka pumzi ile ya uvunguni iachiliwe ndipo mtoto naye arudishiwe kidogo, kidogo kuliko alichonyang'anywa, na ile harufu ikajaa hadi macho yakawasha, na maji ambayo hakuna aliyeyamwaga yakatokeza kwenye sakafu, yakitambaa kuelekea miguuni pake.

"Baba Kidonge," alinong'ona. "Likatae. Mkono tu. Mwanao anakufa."

Bingwa alikuwa amepanda juu ya kiti. Bingwa huyo, juu ya kiti, kama aliyeona panya.

Mkono ukatoka uvunguni, mweupe, umekunjamana kama ulioloweshwa miaka mingi, hauna kucha. Ukapanda, ukapanda, hadi kimo cha shingo ya mtu mzima, ukakata hewa: kushoto, kulia.

Bingwa naye akainua wake. Mama Kidonge alisubiri kidole kitikiswe kukataa. Hakikutikiswa. Kilinyooka, kikamwelekea mtoto.

"Huyo," Bingwa alisema. "Si mimi. Huyo."

Mama Kidonge hakupiga kelele. Maisha yake yote aliona haya hata kuita jirani. Alimtazama mumewe kama anavyotazama uchafu uliogoma kutoka kwenye kola. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaukunja, kidole kilekile kikagota kwenye kifua cha mwenyewe.

"Mama Kidonge, nakuomba..."

"Ndiyo kazi, baba."

Ule mkono mweupe ukashuka. Kidonge akavuta pumzi moja nzima, akalia kilio cha kutoboa bati. Bingwa aliteleza akaketi, mdomo wazi, kifua kimebonyea, akisubiri arudishiwe.

Asubuhi yake Mama Kidonge alipiga deki, akakusanya nguo zake na za mtoto kwenye begi moja, akamweka Kidonge mgongoni. Alipopita kituoni fundi alimkimbilia.

"Bingwa yuko wapi? Wageni wanamngoja."

"Yupo nyumbani."

"Anapumua?"

"Kwa zamu," alisema, akamkaza mtoto vizuri mgongoni, akaendelea na safari ya kwenda kwa mama yake.