Nani Aliyefungulia Mvuke?

Vali ilipumua. Kerubo aliisikia waziwazi, pumzi nzito kama ya mtu anayetua mzigo, ilhali boila ya mvuke ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

"Pritam, umesikia?"

"Nyamaza," mwenzake akanong'ona. "Ukiijibu, itaendelea."

Karakana yao ya Erdington, huko ughaibuni, ilijaribu vali za usalama za mitambo ya nyuklia: mvuke ukizidi kipimo, vali ifunguke yenyewe kabla mtambo haujapasuka. Katika chumba chake cha majaribio, majira ya baridi ya mwaka 2004, mvuke ulimbabua hadi kufa Hugues, fundi Mkongo, akiwa ndani anafunga vali. Msimamizi wao, Albert, aliwaambia wakaguzi kwamba marehemu aliufungulia mwenyewe, kwa uzembe wake.

Baada ya mazishi ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha viganja vikaonekana kwenye kioo cha mlango, kwa ndani, chumba kikiwa kimefungwa. Na alasiri moja, Kerubo akikaza nati, vali aliyoishika ikapata joto kama shavu la mgonjwa, ikapumua tena, na katika pumzi ile mkawa na sauti aliyoijua, sauti ya mtu aliyekuwa akila naye chakula cha mchana kila siku, ikisema polepole: "Si mimi."

Pritam hakuelewa Kiswahili, lakini alikimbia kabla yake.

Mafundi wote walipogoma kuingia, Albert alimwomba Kerubo amlete Jeannine, mjane wa Hugues, ambaye kanisani kwao, mtaa wa Sparkbrook, alijulikana kwa kukemea pepo. Jeannine alikuja na kitambaa cheusi kichwani. Akamtaka Albert aingie naye, asimame pale Hugues alipoangukia. Kerubo alibaki mlangoni akitafsiri Kiswahili na Kiingereza.

"Dada, muulize huyu. Nani alifungula mvuke?"

Kerubo akauliza.

"Hugues mwenyewe," Albert akajibu, macho yake yakiwa sakafuni.

Jeannine hakuomba. Aliigusa vali kama anayegusa uso wa mtu. "Bwana yangu," akasema taratibu, "walinileta nikufukuze. Sikufukuzi. Huyu ni wako."

Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Boila ilikuwa baridi, lakini mshale wa presha ulianza kupanda. Albert akagonga kioo. Kerubo alikuwa ameshika kitasa, na kwa kitambo kifupi hakukivuta, kwa sababu alikumbuka jinsi mwili ulivyotolewa humo ukiwa umefunikwa turubai. Alipokivuta kwa nguvu zake zote, akipiga kelele za kumwita Pritam, hakikusogea, na mvuke mweupe ukajaa chumbani hadi Albert akabaki viganja tu vilivyobandikwa kwenye kioo.

"Ni mimi!" akapiga mayowe. "Nilikuwa na haraka, sikuangalia kama ametoka! Ni mimi niliyefungulia!"

Kerubo akatafsiri huku akilia. Jeannine akafumba macho. Hilo ndilo neno alilokuwa akilililia.

"Basi, Hugues," akasema. "Amesema. Sasa muache."

Mshale uliendelea kupanda.

"Hugues! Inatosha, baba! Ni mimi, Jeannine!"

Viganja vikateleza kwenye kioo, vikashuka. Ndipo rafuni, nyuma ya migongo yao, vali mpya ambazo hazijawahi kufungwa kwenye bomba lolote zikaanza kupumua, moja baada ya nyingine.