Pacha Hahesabiwi Mmoja

Kujiandikisha mapokezi ni kazi ya dakika mbili. Jina lako, unakotoka, mko wangapi. Mama yangu alikosea kwenye swali la tatu, na alikosea kwa makusudi.

"Watano," alisema.

Tulikuwa wanne.

Jua lilikuwa linazama. Probox iliyotuleta kutoka Kirushya ilikuwa bado inageuza uwanjani, vumbi lake jekundu halijatua. Baba, mzee Anatoli, alikuwa ameegemea nguzo akishika kiuno, kiuno hicho hicho kilichotuleta. Mdogo wangu Chiza, wa miaka kumi na minne, alikuwa anasoma kwa sauti masharti yaliyobandikwa ukutani. Usioge peke yako. Usikae majini zaidi ya dakika ishirini. Usivuke uzio wa jicho. Mimi nilikuwa nimebeba mabegi. Hesabu mwenyewe.

"Wanne, kaka," nilimwambia mhudumu.

"Watano," Mama alirudia, hakuniangalia. "Andika."

Mhudumu aliitwa Kazimili, mtu wa Nyamahanga, Msukuma mwenye maneno mengi na tumbo la kutosha. Alituangalia mmoja mmoja, kalamu ikiwa hewani.

"Sasa huyo wa tano anakuja na nini, mama? Bodaboda? Maana geti nafunga saa mbili."

Baba akakohoa. Chiza akaacha kusoma.

"Anakuja," Mama alisema.

Kazimili akaandika.

Kwetu majina ya mapacha hayachaguliwi. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Chiza. Mimi ni Butoyi. Kanisani ni Priscila, chuoni walikonifundisha ualimu nilikuwa Priscila, lakini nyumbani ni Butoyi, na Butoyi bila Bukuru ni kama jembe bila mpini. Kila anayekusikia anauliza: na mwenzako?

Mwenzangu aliondoka tukiwa na siku arobaini.

Sijasema alikufa. Katika familia yetu neno hilo halitamkwi. Pacha hafi, pacha huruka. Haliliwi, hasomewi misa, na aliyebaki hahesabiwi mmoja. Kwa hiyo kila Krismasi nilishonewa gauni mbili. Mezani palikuwa na sahani mbili mbele yangu, na ole wangu niiguse ile ya kulia kabla haijapoa. Miaka ishirini na mitatu nimekula na mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nimechoka, na njiani nilikuwa nimeapa kimoyomoyo: nikipangiwa kituo cha kazi, nitaondoka na sahani moja.

Mahali penyewe panaitwa Mashuha. Zamani palikuwa tope, mawe na mvuke, watu wakishuka na magonjwa yao na mafurushi ya ndizi. Sasa pamekarabatiwa. Vyumba vina mabati ya bluu, bwawa la wanaume na bwawa la wanawake yana vigae vyeupe, na ukuta mrefu katikati. Juu ya mabwawa hayo, ngazi kumi na mbili kupanda, nyuma ya uzio wa bomba za chuma, ndipo lilipo jicho. Hapo ndipo maji yanapotoka ardhini yakichemka. Bomba jipya linayachukua, linayapooza, linayashusha mabwawani.

Kazimili alituonyesha kwa fahari. Alikuwa ameshusha kikapu cha mayai kwa kamba ndani ya jicho.

"Dakika sita tu," alisema. "Sirikali imetuletea jiko risilo na kuni."

"Na mtu akianguka?" Chiza aliuliza.

"Mtu? Mtu atahitaji chumvi."

Baba alicheka mpaka kiuno kikamkumbusha. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, anatazama chini, na mvuke ulikuwa unampanda usoni kama pumzi ya mtu aliyelala.

Harufu ilikuwa ya kiberiti kilichozimwa.

Saa kumi na mbili na nusu Kazimili alimwongoza Baba upande wa wanaume. Sisi watatu tukaingia wa kwetu. Hapakuwa na wageni wengine. Kwenye benchi la saruji, taulo tano nyeupe zilikuwa zimepangwa. Tukavua, tukajifunga kanga, tukashuka majini.

Maji yalikuwa matamu. Nakiri. Joto lilinishika miguuni likapanda hadi shingoni. Upande wa pili wa ukuta Baba aliguna kwa raha, Kazimili akamwambia, "Taratibu mzee, usije ukarudi kijana tukakosa wa kumpa mke wako." Chiza akazama, akaibuka, akacheka. Mama alikuwa anasali rozari bila rozari, akihesabu kwa vidole chini ya maji.

Giza likaingia. Taa za sola hazikuwaka.

"Dada..." Chiza alikuwa ametoka, amesimama penye benchi. "Nani katumia taulo?"

"Ipi?"

"Hii ya mwisho."

Nikatoka. Nikaishika. Taulo ya tano ilikuwa imelowa. Ilikuwa na joto. Haikuwa imekunjwa kama zile nne. Ilikuwa imeviringishwa, pembe moja juu, pembe mbili kifuani, kama anavyoviringishwa mtoto mchanga.

Ndani yake hapakuwa na kitu.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa ameiona. Na alikuwa anatabasamu... tabasamu ambalo sijawahi kuliona, mimi niliyekaa naye maisha yangu yote. Tabasamu hilo lilinitisha kuliko taulo.

Kisha, kutoka juu, kwenye jicho, sauti.

"Bukuruuu..."

Nyembamba. Kama ya mtu anayeongea na maji mdomoni.

Bwa... bwa... yakachemka maji.

"Bukuruuu..."

"Bee, mwanangu," Mama aliitika. "Nakuja."

Alitoka majini kwa wepesi ambao umri wake haukuwa nao. Kanga ilimfunguka ikaangukia miguuni, akaiacha. Akapanda ngazi. Moja, mbili, akairuka ya tatu, nne.

"Chiza, kamwite Baba!" Nikamfuata.

Nilimkuta ameshavusha mguu mmoja uzio. Nilimkumbatia kiunoni kutoka nyuma. Ngozi yake ilikuwa na maji, ilikuwa inateleza, na alikuwa na nguvu ya mtu anayevuta mtoto kutoka kwenye moto.

"Niache, Butoyi."

"Mama, ni maji yanayochemka!"

"Anaungua. Humwoni? Anaungua. Nimshike mkono tu."

Nikatazama. Sitasema nimeona mtu, kwa sababu sikuona mtu. Mvuke ulikuwa umejaa kila mahali, mweupe, mzito, umeziba mawe, umeziba kilima. Isipokuwa mahali pamoja, juu kabisa ya jicho. Pale mvuke haukuingia. Palikuwa na nafasi tupu.

Nafasi ilikuwa na mabega.

Ilikuwa na kimo changu.

"Ngwino, mwana wanje," Mama alinong'ona, njoo mwanangu, kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kubembeleza aliye na siku arobaini. Mguu wake wa pili ukavuka. Nyayo zikagusa mawe ya ndani. Nikasikia ngozi... tss. Hakulia. Alikuwa hatua mbili kutoka ukingoni.

Nguvu zangu zilikuwa zinaisha. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mikono haitamrudisha. Kilichokuwa kinamvuta hakikuwa mikono.

Basi nikalisema.

"Bukuru amekufa!"

Mama aliganda.

"Amekufa, Mama. Hakuruka. Hana mabawa. Alikufa, mkamzika nyuma ya migomba, mkanipa sahani yake. Amekufa! Mimi ndiye niliye hai. Mimi hapa, ninayekushika. Nihesabu mimi. Nihesabu mmoja!"

Kilima kilirudisha neno. Mmoja... mmoja...

Ile nafasi iliinamisha kichwa upande. Kama mtu anayesikiliza. Kisha ikatoka sauti nyingine, siyo ya hasira, siyo ya kilio.

Ilicheka.

Kicheko kidogo, cha mtoto anapomsikia mkubwa akikosea jambo rahisi.

Mvuke ukajifunga. Taa zikawaka zote kwa pamoja. Mama akalegea mikononi mwangu, nikamvuta juu ya uzio kama gunia, na chini ya ngazi nikasikia Baba akikimbia, Baba ambaye asubuhi hakuweza kuvaa soksi.

Tulimmwagia Mama maji baridi miguuni, ndoo baada ya ndoo, na Kazimili ndiye aliyekuwa anachota. Akaita Probox ya jirani yake itupeleke zahanati. Tukiwa tunaingoja nilimvuta pembeni.

"Umesikia?"

"Nimesikia bomba."

"Bomba gani?"

"Lile jipya. Mvuke ukipanda ndani linalia. Fundi alisema litaacha likizoea." Alijaribu kutabasamu. "Linalia uuu, kuuu, ruuu. Hizo herufi nyingine mmezitia wenyewe, dada yangu."

"Na taulo?"

"Taulo nilizianika karibu na mvuke. Moja inaweza kulowa."

"Na kukunjwa?"

Alitazama mikono yake.

"Mimi nilizikunja zote sawasawa," alisema. Akaenda kufungua geti.

Zahanati walimfunga Mama miguu yote miwili. Mganga alisema atatembea, lakini siyo leo wala wiki ijayo. Asubuhi, Baba na Chiza walipokwenda kutafuta uji, Mama alinifanyia ishara nisogee. Nilidhani ataninunia. Nilikuwa nimejiandaa kununiwa, na nilikuwa nimejiandaa kutoomba radhi.

"Umesema neno," alisema.

"Nimesema. Na nitalisema tena."

"Alicheka. Ulisikia?"

"Nilisikia bomba, Mama."

"Butoyi." Alinishika kidole kimoja tu, kidole cha mwisho. "Ile sauti haikuwa inajitaja. Mtu akiwa mlangoni kwako usiku haiti jina lake. Anaita la mwenye nyumba."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Mlikuwa na nyuzi mkononi," alisema. "Bukuru nyekundu, Butoyi nyeusi. Mlikuwa sawa kama punje mbili za maharage, ndiyo maana bibi yenu aliwafunga. Ile siku mliugua wote. Usiku bibi akawaogesha kushusha homa. Asubuhi mmoja alikuwa... mmoja alikuwa amelala. Nyuzi zote mbili zilikuwa kwenye beseni. Zilikuwa zimechomoka kwa maji."

"Mlijuaje, sasa?"

"Butoyi ndiye aliyekuwa akilialia. Na wewe ulikuwa unalia. Nikasema, huyu ni Butoyi."

"Mama. Mtoto yeyote angelia."

"Najua," alisema. "Nimejua kila siku. Sahani ile niliiweka kwa sababu sikujua naiweka kwa nani. Ningesema Bukuru amekufa, na wewe ndiye Bukuru, ningekuwa nimemzika aliye hai. Ndiyo maana sikusema. Siyo mila peke yake, mwanangu. Niliogopa kukosea."

Nje jogoo aliwika. Nilikaa nikiangalia bandeji zake nyeupe, nikasikia tena kile kicheko. Hatua mbili kutoka ukingoni nilikuwa nimepiga kelele, mbele ya maji na mbele ya Mungu, kwamba Bukuru amekufa. Na huenda nilikuwa nimetangaza kifo changu mwenyewe.

Nitakuambia nilichohisi. Hofu ilikuja, ndiyo. Lakini hasira ilifika kwanza, ikakaa kiti cha mbele.

Baada ya wiki tatu Mama alikanyaga chini, na siku hiyo hiyo nikampeleka parokiani. Niliomba misa ya marehemu, ya kwanza katika ukoo wetu kwa pacha. Katekista Yohanes alifungua daftari la nia za misa.

"Jina la marehemu?"

Mama alinitazama. Baba alinitazama. Chiza alinishika kanga. Wote walikuwa wananingojea mimi, kama vile ulimi wangu ndio ungeamua ni nani yuko chini ya migomba na ni nani amesimama hapa.

"Hatulijui," nilisema.

"Hamlijui?"

"Andika mtoto wa mama yangu, Auleria. Mungu atamtambua."

"Na anayeomba?"

"Priscila."

"Priscila nani?"

"Priscila. Inatosha."

Aliandika huku akitikisa kichwa. Misa ilisomwa. Mama alilia, alilia kwa sauti, kilio cha miaka ishirini na mitatu, mpaka padri akasubiri. Tulirudi nyumbani tukala, na mbele yangu palikuwa na sahani moja. Sijui kama nilishinda. Najua tu kwamba Mama sasa analala usiku kucha, na hilo simwachii mtu wala kitu kilichukue.

Nyumbani hawaniiti tena Butoyi, na hawathubutu kuniita Bukuru. Majina yote mawili tumeyaacha kule juu kwenye jicho, yagombane yenyewe.

Lakini Alhamisi iliyopita, jua likizama, nilikwenda kisimani peke yangu. Ni kisima cha kawaida, maji yake ni ya baridi, hakina bomba wala jicho. Nilikuwa nimeinama nachota.

Maji yakaanza kutoa mvuke. Kidogo tu. Kama pumzi.

"Priscilaaa..."

Karibu. Taratibu. Kama mtu anayejaribu neno jipya mdomoni.

Sikuitika. Sikukimbia pia. Nilijaza ndoo yangu mpaka juu, nikaiweka kata vizuri kichwani, nikajitwika. Nikapanda kilima kwa mwendo wangu wa kila siku, na sikugeuka hata mara moja, ingawa nyuma yangu majani ya migomba yalikuwa yanapishana bila upepo.

Anayenitaka anajua ninapoishi. Aje mlangoni, abishe hodi, na aseme yeye kwanza anaitwa nani.