Kidole cha Jogoo wa Chuma

Ukumbi wa kulipia umeme mwisho wa mwezi si mahali pa kutafutia mchumba. Foleni ilikuwa imejikunja mara tatu, feni zilizunguka bila kumsaidia mtu, na watu walishachoka hata kulalamika. Ila ukutani palikuwa na televisheni, na mchana huo walikuwa wanarudia ule mchezo wa zamani wa Jogoo wa Chuma, shujaa wa suruali nyekundu ya kubana, joho la manjano na kinyago chenye kishungi utosini.

"Tazameni sasa," alisema kijana mmoja kwenye foleni, wala hakuna aliyemuuliza. "Anaingia kwenye tangi la maji kupigana na mamba wa mpira. Mwembamba, mnamwona? Ngojeni atoke."

Shujaa alitoka na kitambi. Foleni nzima ikacheka, hata yule askari wa mlangoni.

"Na kifungo cha joho kimehama bega," kijana akaendelea. "Na baka la Profesa Kinyonga, yule adui yake, limehama shavu. Nimekitazama kipande hiki mara nyingi mno, mpaka leo sijui kulitokea nini."

"Na kidole kidogo cha glovu kimelegea," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Hakina kitu ndani."

Maneno yalimponyoka tu. Alikuwa msusi, amezoea kusikiliza ya watu na kufunga mdomo juu ya yake, na hilo la kidole lilikuwa la nyumbani kwao. Lakini kijana alishageuka, shati lake la mistari limepigwa pasi hadi kwenye ukosi, macho yanamng'aa.

"Dada, hilo sijawahi kusikia mtu mwingine akilitaja," alisema. "Halafu una vitana viwili kichwani."

"Vya kazi hivyo."

"Nilidhani ni urembo mpya."

"Na wewe una wino sikioni. Ni urembo wa wapi huo?"

Basi mambo yakaanzia hapo. Kijana alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Kutwa anasaka makosa ya wenzake kwa kalamu nyekundu. Mashabiki wenzake wa Jogoo wa Chuma walimwita Kasoro, na jina lilimkaa. Msusi alimpendea hilohilo. Akivaa gauni jipya, Kasoro analiona kabla hajaketi. Akisuka mtindo mwingine, Kasoro anajua ni mstari gani umebadilika. Nani asingependa kutazamwa hivyo?

Jioni simu haikosi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umesahihisha?"

"Leo nimekuta ng'ombe wa miguu mitano kwenye picha."

"Ungemwacha, maskini. Huenda ndivyo alivyozaliwa."

"Siwezi, malkia wangu. Nikiona kosa nawashwa mwili mzima."

Msusi alicheka, wala hakulipa neno hilo uzito.

Siku za mapumziko walikutana na mashabiki wengine kubishana. Mmoja alidai shujaa alimmeza mamba. Mwingine akasema walikuwa mapacha, tena mmoja mlafi. Msusi alitabasamu nao, huku roho iko juu, maana jibu la swali lao lilikuwa likisimuliwa nyumbani kwao tangu yeye ni mtoto, na yeye hakuliamini.

Babake, ujana wake, alikuwa fundi rangi wa studio. Kwa maneno yake, mwigizaji aligoma kuingia kwenye maji machafu, mkurugenzi akatafuta mwingine, na mzee akavaa suruali ile akaingia. Mtaa mzima ulimcheka. Mwigizaji mwenyewe aliulizwa redioni, akakana. Shuleni walimwita binti Kifaranga, mpaka siku moja, mbele ya babake, akawaambia wenzake, "Msimsikilize, anatunga." Mzee hakumchapa. Aliendelea tu kusimulia kila mgeni akija, na binti akaendelea kumkatiza. Baba, chai inapoa. Baba, wageni wamechoka.

"Lini utanipeleka nikamsalimie mzee?" Kasoro aliuliza kwenye simu.

"Baba anaumwa mgongo."

"Mwezi uliopita ulikuwa mguu."

Msusi akamuuliza kama amekula.

"Unanionea aibu," Kasoro akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi ni mtu wa kalamu nyekundu na chumba kimoja. Kama sifai, niambie nijue moja."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

"Njoo Jumapili," alisema, kwa sababu aliogopa kumpoteza.

Kasoro alikuja na shati jeupe na viatu vilivyosuguliwa mpaka vinatoa picha. Mzee alivaa koti lake la heshima. Wakala, wakataniana, na mzee akampenda kijana, maana alijua kusikiliza. Mara akaanza hadithi yake. Msusi alipofungua mdomo kusema chai inapoa, Kasoro alimgusa mkono kwamba amwache.

Mzee alipomaliza aliweka mkono wa kulia mezani. Kidole kidogo hakikuwepo. Msumeno ulikichukua kabla hajaoa. "Glovu ile ilikuwa na vidole vitano, mimi nina vinne. Ukitazama utakiona kinaning'inia."

Uso wa Kasoro uliwaka. Msusi alimwona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiuliza, je, kama ni kweli?

Halafu uso ule ukazimika.

"Mzee," Kasoro alisema, kwa upole na heshima zote, "glovu iliyolegea ni ya mkono wa kushoto."

"Haiwezekani."

"Nisamehe, mzee. Anampiga Profesa kwa kushoto, na kidole kilichoning'inia ni cha kushoto. Sina shaka."

Mzee aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akasimama, akasema anakwenda kunyoosha mgongo, akaufunga mlango wa chumba chake.

"Ulikuwa na haja gani?" msusi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulitaka nimdanganye?"

"Nilitaka unywe chai."

"Wewe mwenyewe humwamini."

"Mimi ni mwanawe. Toka, Kasoro. Toka kabla sijasema neno baya."

Akatoka. Simu zake hazikupokelewa, na baada ya siku chache zikakoma. Mzee naye hakusimulia tena. Wageni wakija alizungumzia mvua na bei za vitu, mkono wa kulia ameufutika mfukoni. Kimya hicho msusi alikuwa amekiomba maisha yake yote. Sasa amekipata, na nyumba ilikuwa haikaliki. Alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa asisikike. Alimlilia babake, na alimlilia Kasoro pia, maana alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Alasiri moja alikuwa saluni, amesimama nyuma ya mteja, kioo mbele yao, televisheni ukutani nyuma. Muziki wa Jogoo wa Chuma ukalia. Hakutaka kugeuka, lakini macho yalikwenda yenyewe kwenye kioo, na mle kiooni shujaa akatoka kwenye tangi na kitambi chake. Kifungo cha joho kilikuwa kwenye bega la siku zote. Baka la Profesa lilikuwa kwenye shavu lake. Ngumi ikatoka kulia, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kikaning'inia.

Aligeuka kutazama televisheni yenyewe. Kushoto. Akarudi kwenye kioo. Kulia.

"Picha waliigeuza," alisema.

"Nani kageuza nini?" mteja aliuliza, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa.

Aliyeunganisha mkanda wa picha alikipachika kipande kile kikiwa kimegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Hilo tu, na watu wazima walikuwa wakibishana juu ya mapacha. Msusi alitoa simu akakirekodi kioo kabla kipande hakijaisha, akamwomba mwenzake ammalizie mteja, akatoka mbio na aproni yake kiunoni. Njia nzima alipanga maneno. Atamwonyesha baba. Atampigia Kasoro amwambie, hili ndilo kosa ulilolikosa, njoo uombe radhi.

Mlango wa kwao ulikuwa wazi kidogo.

"Na mkurugenzi alisema nini ulipotoka majini?" Ilikuwa sauti ya Kasoro.

"Alisema nirudi kupaka rangi," mzee akajibu, na wote wawili wakacheka.

Msusi akaingia. Kasoro alisimama haraka, shati la kazini limekunjamana, amekonda.

"Unafanya nini hapa?"

"Namsikiliza mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili yake. Nikitoka kazini napita, naondoka kabla hujarudi."

"Mimi ndiye niliyemkataza kukwambia," mzee alisema. "Alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia radhi yangu si ya siku moja."

"Na mkono wa kushoto?" msusi alimuuliza Kasoro. "Umeupatia jibu?"

"Sijaupatia." Alimtazama usoni. "Lakini mzee anasema alikuwa yeye. Basi alikuwa yeye, na macho yangu yamekosea mahali. Hilo nimelikubali. Kukaa bila wewe ndiko nimeshindwa."

Simu ilikuwa kiganjani, imeshawashwa. Angebonyeza tu, na chumba kizima kingeshangilia. Na babake angejua kwamba mgeni alimwamini bila kuonyeshwa kitu, ila mwanawe wa kumzaa alingoja kioo cha saluni. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa moto.

"Mbona umekuja mbio?" mzee aliuliza. "Kuna jambo?"

Akaizima simu, akaitia mfukoni mwa aproni. "Hakuna, baba."

"Na wewe, mama, unasemaje? Ninatunga?"

"Hutungi. Nakuamini."

"Tangu lini?"

Alitamani kusema tangu zamani. "Leo," alisema, na machozi yakamtoka mbele yao wote. "Nimechelewa, baba. Nisamehe."

Kasoro alisogea kwenye kochi akampa nafasi, naye akakaa, akaushika mkono wake wenye wino hapohapo mbele ya babake, bila kuficha. Kisha msusi akapangusa uso kwa aproni.

"Baba," alisema, "maji yalikuwa ya baridi?"

Mzee alimtazama kama aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka mingi.

"Miaka yote hii," alisema, "hukuwahi kuniuliza kitu." Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya goti. "Yalikuwa ya baridi, mwanangu. Yalikuwa ya baridi sana."