Kimya cha Joris

Wiebke alikuwa akihangaika kupandisha besi yake, fidla kubwa kuliko yeye mwenyewe, kwenye ngazi za stesheni ya Wuppertal, huku watu wa asubuhi wakimpita kama hawamwoni. Ghafla mkono ukashika upande wa pili. Mwenye mkono alivaa koti la kijani lililopauka, klarineti, ile zumari nyeusi ndefu, begani, kijiti mdomoni.

"Unakula njiti za meno?"

Akakitoa. "Ni tete la klarineti. Lisipolowa, halilii. Naitwa Joris, wa Rotterdam."

"Basi uwe unalitoa ukiongea nami, bwana wee."

Wakapendana. Wakapiga pamoja muziki wao usio na nota wala mazoezi, ule unaozaliwa jukwaani. Hadi Jumapili moja huko Köln, ukumbi umejaa, Joris alipoishusha klarineti katikati ya onyesho, akafumba macho na kunyamaza. Wiebke akabaki akipiga peke yake hadi mwisho. Makofi yalipovuma, Wiebke akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Simu ikaita. Alikuwa Joris.

"Mpenzi..."

"Umenitelekeza mbele za watu!"

"Nilikuachia nafasi. Ulipiga vizuri mno, ningeingia ningeharibu. Kwetu wapigaji hiyo ndiyo heshima."

"Heshima gani ya kufumba macho?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Na mimi nilikuwa nazama." Akakata.

Wiki zikapita bila neno. Joris akapata ziara ya mwaka mzima Norway. Onyesho la kuaga likawa mchana, Wuppertal, na jina la Wiebke lilikuwa bado kwenye bango. Alikuja, gauni jeusi, midomo ameibana. Hawakusalimiana.

Joris akaanza. Wiebke akaikumbatia besi, akafumba macho, asiguse uzi.

Klarineti ikapanda, ikazunguka, ikamtafuta. Ikauliza, isijibiwe. Kisha sauti ikapasuka, na Wiebke akasikia ndani yake woga alioujua kule Köln. Akafumbua macho. Joris alikuwa amegeukia kwake, jasho likimtiririka, angali anapuliza.

Mkono wa Wiebke ukavuta wenyewe upinde juu ya nyuzi. Sauti moja tu, nzito, ya chini, mahali pa Joris kukanyaga.

Nyuma ya pazia, Joris akaanza kusema, tete mdomoni.

"Litoe!"

Akalitoa. "Nimejua sasa. Kule jukwaani, peke yako, ni baridi."

"Baridi kali."

"Twende wote Norway, Wiebke. Nikinyamaza tena, nitakuwa nakutazama."

Wiebke akamsukumia ile besi kifuani.

"Ngazi zote za huko," akasema, "utabeba wewe."