Mashine Isiyokubali Kushindwa

Kila Aprili Femke alikwenda na baba yake, Joost, kwenye mashindano ya sataranji kati ya watu na kompyuta mjini The Hague. Baba ndiye aliyeiandika programu yao. Femke, mwenye miaka kumi na mitatu, alikaa mezani akisogeza kete kama skrini ilivyoagiza. Kufikiri haikuwa kazi yake.

Siku ya tatu mpinzani alikuwa Bwana Hoekstra, mzee wa miaka sabini na sita, dereva mstaafu wa tramu, yale magari ya mjini yanayopita juu ya reli. Aliweka vidonge vyake vya moyo kando ya kahawa.

"Haya, binti," alisema, "tuone hilo sanduku lako linajua nini."

Baada ya saa nne sanduku lilikuwa taabani. Lilikuwa limepungukiwa na ngome nzima, mojawapo ya kete kubwa, na skrini ilionyesha alama hasi tisa, yaani hakuna tena tumaini. Mtu mwenye haya angesimamisha saa ya mchezo na kutoa mkono wa kukubali kushindwa. Kompyuta haina haya. Iliendelea kumtishia mfalme wa mzee, tishio la bure baada ya jingine, na kila mara mzee alilazimika kufikiri upya. Mvua ilipiga madirisha. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

"Baba, tukubali yaishe," Femke alimnong'oneza baba yake, aliyesimama kando ya meza.

"Thubutu! Mzee kabakiwa na dakika sita. Mashine haichoki, mwanangu. Yeye anachoka, atakosea tu."

Maneno hayo yalimtia Femke hofu. Mzee alinyoosha mkono achukue kidonge. Vidole vilitetemeka, kidonge kikaanguka chini ya meza. Hakuinama kukiokota, maana saa yake ilikuwa inakwenda. Alisogeza mfalme, kisha akajishika kifua.

Skrini ikaagiza tishio jingine. Femke hakulisogeza. Alisimamisha saa, akamlaza mfalme wake ubaoni na kutoa mkono.

"Umeshinda, Bwana Hoekstra. Meza dawa kwanza, tafadhali!"

"Nani kakuruhusu?" Baba alifoka. Kisha akakiona kidonge karibu na kiatu chake. Alimpa mzee kidonge kingine na glasi ya maji.

Ilichukua muda damu kurudi usoni mwa mzee.

"Nimeendesha tramu miaka thelathini," alisema polepole. "Tramu haijui nani yuko relini. Ndiyo maana wanamweka mtu kwenye breki. Wewe Joost umetengeneza tramu nzuri, lakini leo breki ilikuwa binti yako. Kitu kisichochoka wala kuona haya, mwenye kukishika ndiye aone haya kwa niaba yake."

Nyumbani, Baba aliifungua programu. "Niiandike ikubali kushindwa ikifika hasi ngapi? Tisa?"

"Ilikuwa hasi tisa leo, Baba, na haikukiona kidonge."

Baba aliondoa mikono kwenye kibodi. Hakuandika namba yoyote. Alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu, akaibandika juu ya skrini: *Muulize Femke.*